Jina Lote la Sévérine

Nisianze na uongo: Sévérine hakuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa na ulimi kama kisu cha kiwanda cha samaki, na kiwandani ndiko alikomalizia ujana wake, amesimama kwenye maji ya chumvi na matumbo ya chewa hadi miguu ikamvimba. Alipoachishwa kazi akaingia kwenye mazulia kama wanawake wote wa hapa, na kwa bahati yangu mbaya ni fremu yangu iliyokuwa na nafasi. Basi majira ya baridi nenda rudi tulikaa tumekabiliana, gunia limewambwa katikati yetu, kila mmoja na ndoano yake, tukivuta sufu kutengeneza maua ambayo watalii watayanunua kiangazi wakayakanyage kwao Toronto. Nikimaliza waridi, anasema linafanana na kabichi. Nikinyamaza, anauliza nimenuna nini. Hatukupatana hata siku moja, na hakuna siku aliyokosa kuja.

Huku kwetu Chéticamp, kijiji cha wavuvi pwani ya Kanada, ukiita "Chiasson!" barabarani, nusu ya watu watageuka, na nusu nyingine hawageuki kwa sababu wao ni Aucoin. Kwa hiyo jina la karatasi halitusaidii kitu. Mtu ni yeye, wa baba yake, wa babu yake. Mimi ni Osite wa Dosithée wa Marcellin, na ukitaja hivyo hata kipofu anajua nyumba yetu iko wapi na nani kati yetu alikuwa mlevi. Sévérine aliitwa Sévérine wa Calixte wa Henriette. Henriette ni jina la kike, na mnyororo ukiishia kwa mwanamke, kila mtu anajua kuna kisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Henriette, bibi yake, alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa karani wa duka la Wajersey. Wajersey ni wale wafanyabiashara wa kisiwa cha Jersey waliokuja kununua samaki wa babu zetu kwa bei waliyojipangia wenyewe, na mpaka leo ukimwita mtoto wa mtu Mjersey, mama yake atakuja mlangoni kwako na mwiko. Henriette alikuwa amechumbiwa na Mélème, mwana wa Tranquille, mwana wa Firmin, mwana wa Hilaire. Hilaire ndiye mzee wa kwanza wa ukoo ule, yule ambaye Waingereza walimfagia kutoka Acadie, nchi ya wazee wetu, na kumtupa Ufaransa akiwa bado ananyonya, akarudi upande huu wa bahari na ndevu zake na kukata mti wa kwanza pale penye kanisa. Watu wa Hilaire wanatembea kama vile ule mti waliukata wao.

Mélème na Henriette walitaka kuoana majira ya baridi, lakini Kwaresima iliwakuta hawajamaliza kujenga, na padri haozeshi mtu Kwaresima. Wakakubaliana wangoje Pasaka. Kabla ya Pasaka wanaume wakaenda kuwinda sili juu ya barafu ya bahari, barafu ikakatika, Mélème akaenda nayo. Calixte akazaliwa mwisho wa kiangazi. Nduguye Mélème, aliyeitwa Lazare, alikuwa ameshalichukua shamba la Mélème la ufukweni, na akasema mtoto yule ni wa karani. Mtu mwenye shamba akisema jambo, watu husikia vizuri. Ikawa ni Calixte wa Henriette mpaka anaingia kaburini.

Na hata hilo kaburi aliingia kwa tabu. Huku jeneza hubebwa na ndugu wa baba. Siku ya kumzika Calixte hakuja hata mmoja wa watu wa Hilaire, na mabega yakapungua. Sévérine akavua glavu, akashika upande mmoja mwenyewe, mwanamke mbele ya watu, akambeba baba yake mpaka shimoni. Wengine waliguna. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioguna, na mpaka leo sijui nilikuwa naguna nini.

Tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine ila kumtafuta babu yake. Alikwenda kwa padri, akakuta kitabu cha ubatizo kinasema baba hajulikani. Akaacha vitabu, akaingia kwa wazee. Aliketi vitandani mwao, akawalisha mchuzi wa kuku na viazi kijiko kwa kijiko, akiwahoji kama polisi. Mzee mmoja, Polycarpe, aliyekuwa kijana kwenye barafu ile, alimwambia kwamba Mélème alipoona mwanya umepanuka hawezi kuuruka, alivua glavu zake za sufu akamrushia yeye Polycarpe, akapiga kelele, "Mpelekee Henriette!" Hakumtaja mama yake mzazi. Alimtaja Henriette. Glavu hizo Henriette alizifuma yeye, na mwanamume wa hapa hajui kumpa mtu glavu barafuni mpaka awe amekubali kufa.

Sasa, mwaka ule wa sabini na nane, Alphée mjukuu wa Lazare akatangaza sherehe ya Hilaire. Ingekuwa mwezi wa nane: misa, bendera, maandamano, ndugu watatoka Montréal na Massachusetts mpaka Louisiana. Alphée ndiye mkubwa wa ukoo, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe, na akazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya mababu wa watu. Nyumba ya Sévérine akaipita kama choo.

Jumapili yake Sévérine akamvizia kwenye ngazi za kanisa, watu wote wanatoka.

"Alphée! Nyumba yangu imekuwaje, ina ukoma? Umehesabu mpaka mbwa wa dada yako."

"Nyumba yako haina cha kunipa, Sévérine. Natafuta watu wa Hilaire. Wajersey wafanye sherehe yao huko kwao Jersey. Nenda bibi, nauli tutakuchangia."

Watu wakacheka. Wengine waliinamia kofia zao, lakini walicheka.

"Mélème na babu yako walitoka tumbo moja!"

"Mélème alikufa hajaoa."

"Kwaresima ndiyo iliyomzuia!"

"Basi kaishtaki Kwaresima."

"Na glavu je? Polycarpe alikuwepo, aliziona kwa macho yake!"

"Glavu!" Alphée akawageukia watu, mikono ameitanua. "Jamani, mmesikia? Siku hizi watoto wanazaliwa kwa glavu."

Kicheko kilichofuata kilimfuata Sévérine mpaka nje ya geti. Kesho yake alikuja kwenye fremu, akavuta uzi hadi gunia likachanika, na hakusema kitu kuhusu waridi langu. Hapo nikaogopa.

"Mi-Carême nakwenda kwake," akasema hatimaye.

"Kufanya nini? Umri huo? Utavunja nyonga barabarani."

"Nikivunjika, nitavunjikia mlangoni kwake."

Mi-Carême ni juma la katikati ya Kwaresima. Watu hujifunika nyuso, huvaa makoti yasiyo yao, hujipachika nundu na matumbo ya mito, na kuanzia chakula cha jioni huzunguka nyumba zinazopokea. Mwenye nyumba kazi yake ni kukisia wewe ni nani. Akikutaja sawasawa, unavua kinyago, unapewa peremende za maziwa na kitu cha kupasha koo. Asipokutaja, huvui. Hakuna mwenye nyumba anayeruhusiwa kumfukuza mvaa kinyago ambaye hajamtaja. Anayefanya hivyo nyumba yake haikanyagwi tena. Na nyumba ya Alphée ilikuwa ikipokea tangu enzi za Lazare. Mkewe Exélda huanza kupika peremende wiki nzima kabla, na Alphée hukaa kwenye kiti chake akitaja watu kama hakimu. Alijisifu kwamba mtu wa hapa anamtambua kwa visigino tu.

Jioni ya kwanza nilikuwa nimekaa pale na watazamaji wengine. Waliingia vijana wawili, Alphée akawataja kabla hawajafunga mlango. Kisha akaingia mmoja peke yake. Amevaa foronya kichwani yenye matundu mawili, koti la mvua la mvuvi, na gunia la mazulia kiunoni. Hakucheza, hakuigiza kilema, hakusema hata kile kisauti cha kuvuta pumzi ndani tunachosemea siku hizo. Alisimama tu katikati ya chumba: mguu wa kulia umetazama nje, ngumi imewekwa nyuma kiunoni, kichwa kimetangulia kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani.

Alphée akapiga goti kwa kicheko. "Zoé! Dada, hata hujajitahidi! Vua hiyo foronya."

Kinyago kikatikisa kichwa.

"Ebo! Mimi nisimjue dada yangu? Kusimama huko nimekuona nako tangu tuko wadogo. Baba alisimama hivyo, shangazi zetu wote walisimama hivyo. Ni kusimama kwa watu wa Hilaire, nakutambua hata nikiwa nimelala. Vua!"

"Unamwita nani wewe?" Zoé akatokea jikoni na taulo mkononi. "Mimi niko huku nasugua masufuria yenu."

Chumba kikalipuka. Alphée akashika kidevu, sasa jambo limekuwa zito. Akaanza kutaja: binamu yake wa bondeni, binti za marehemu Lubin, mke wa fulani, ambaye naye ni wa uzao wa Firmin. Akawamaliza wanawake wote wa Hilaire walio hai upande huu wa mlima. Kinyago kinatikisa kichwa tu.

"Ni wetu," Alphée akasema, jasho limeanza kumtoka. "Ni wetu huyu, ila simpati."

"Tumeshindwa," Exélda akasema. "Vua mama, upate kitu cha moto."

Sévérine akavua foronya. Nywele zake za mvi zilikuwa zimesimama wima, na macho yake hayakumwangalia mtu ila Alphée.

Zoé ndiye aliyeanza. "Mimi nina mgongo kama ule? Mimi?"

"Unao," akajibu mzee mmoja wa pembeni, na watu wakaanza kukohoa kuficha vicheko.

Alphée alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Ahaa. Sévérine wa Calixte wa Henriette. Umekaa ukimchungulia dada yangu kanisani, ukajifunza kusimama kwake, ukaja kutuchezea hapa. Kuiga kila mtu anaweza. Haya, umeshatajwa. Chukua peremende yako uende."

Sévérine akaichukua foronya, akaivaa tena taratibu, akaweka matundu yake sawasawa.

"Hujanitaja bado," akasema. Akasimama vilevile. Alisimama mpaka wageni wote walipoondoka, kisha naye akaondoka, na hakugusa peremende.

Kesho yake akarudi. Foronya ileile, koti lilelile. Alphée akamwambia yeye ni Sévérine wa Henriette. Kinyago kikatikisa kichwa. Akamwambia yeye ni Mjersey. Kikatikisa. Akamwita mchawi, mlaaniwa, ngozi ya chewa. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Kikatikisa. Siku iliyofuata ukavuma suête, ule upepo wetu wa mlimani unaong'oa mapaa, na nikadhani leo atakaa ndani. Alikuja ameshikilia ua wa kando ya barabara kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, koti limejaa upepo kama puto. Akasimama mbele ya Alphée akidondosha maji kwenye zulia la Exélda, zulia ambalo, nikumbushe, nililitengeneza mimi.

"Mwanamke huyu atanitoa roho," Alphée akasema.

"Mtaje basi," Exélda akamjibu. Alikuwa amechoka, na maji yale yalikuwa yake kuyafuta. "Mtaje twende tukalale. Neno moja tu."

"Nimwambie ni wetu? Mbele ya watu? Babu yangu alisema ni mtoto wa karani. Nimfanye babu yangu mwongo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani Zoé naye alielewa, maana aliinama akaanza kukunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Alphée hakuwa na shaka yoyote juu ya Sévérine. Shaka yake ilikuwa juu ya lile shamba la ufukweni ambalo amelikalia miaka yote, na juu ya mzee aliyempa. Nilikasirika. Nilikasirika kuliko nilivyotegemea, mimi ambaye kwa Sévérine sikuwahi kupata hata asante.

Sitasema jambo la Jumamosi lilikuwa wazo la nani. Nitasema tu kwamba magunia yalitoka kwangu. Jioni ya mwisho ya Mi-Carême mlango wa Alphée ulifunguka, akaingia mtu mwenye foronya, koti la mvua na gunia kiunoni. Akasimama: mguu nje, ngumi nyuma, kichwa mbele. Nyuma yake akaingia wa pili amevaa vilevile, akasimama vilevile. Akaja wa tatu. Wakazidi kuja, wanaume kwa wanawake, wanene kwa wembamba, tukajaa chumba kizima mpaka kwenye ngazi, wote tumesimama kimya, foronya kama kumi na tano zinamtazama. Watazamaji walikuwa wakilia kwa kucheka. Mimi chini ya foronya yangu nilikuwa najibana mbavu.

Alphée hakucheka. Aliinuka kutoka kitini, jambo ambalo hakulifanya hata kwa padri.

"Mnanichezea! Kijiji kizima mnanichezea nyumbani kwangu!" Akaanza kutusukuma kwa bega, mmoja baada ya mwingine. "Wewe ni bure. Wewe ni bure. Wewe unasimama kama bata. Wewe Osite, nenda kalale, hata kwa kujificha huwezi!"

Akatupita wote. Hakusita hata kidogo, hakurudi nyuma kulinganisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka pembeni, karibu na jiko, alikokuwa amesimama mmoja kama sisi wengine, hana tofauti ambayo mimi ningeweza kuiona, na akamsogezea uso mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Wewe hapa!" akanguruma. "Wewe ndiye! Unadhani utanipotea? Hao wanaiga, wewe huigi! Sévérine wa Calixte wa Mélème wa Tranquille wa Firmin wa Hilaire, toka nyumbani kwangu!"

Yalitoka yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemfokea mwanawe. Alipofika mwisho akajisikia mwenyewe. Mdomo ulibaki wazi, akautazama umati kana kwamba mmoja wetu ndiye aliyesema.

Hakuna aliyecheka. Zoé, kule mlango wa jikoni, alifumba macho.

Sévérine akavua foronya. Alihangaika nayo kwanza kwa sababu ilinasa kwenye pini za nywele, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaikunja, akaitia mfukoni. Akaenda kwenye sahani ya Exélda, akachukua peremende moja, akaila palepale akiwa amesimama, akaimeza. Alifukuzwa, basi akatoka. Alphée alimpisha njia.

Nilimkimbilia barabarani na gunia langu kiunoni. Nilidhani nitamkuta anachekelea, maana nilimjua kwa kuwachekelea watu. Alikuwa amesimama kando ya ua analia waziwazi, bila kujifuta, midomo bado ina sukari.

"Osite," akasema, "umesikia alivyonifukuza?"

"Nimesikia."

"Useme hivyo ukiulizwa. Amenifukuza kwa jina langu lote."